Simu ya Waya au Simu ya Intaneti: Biashara Ndogo ya Nairobi Ichague Ipi?

Mwenye biashara ndogo jijini Nairobi anayetafuta simu ya ofisi ana mifumo miwili ya kuchagua, na kila mmoja una watetezi wenye maneno matamu. Wa kwanza ni ule wa zamani: laini inayotoka kwa kampuni ya simu huingia katika mtambo wa PABX uliofungwa ukutani nyuma ya mapokezi, kisha hugawanywa kwa ekstensheni za kila meza. Wa pili ni wa intaneti, ambao sauti hugeuzwa kuwa vipande vya data vinavyosafiri kwa faiba ile ile inayoleta barua pepe, na kazi ya PABX hufanywa na programu iliyoko kwenye seva ya mtoa huduma. Wauzaji wa mfumo wa pili huanza mazungumzo kwa bei ya dakika, na wale wa kwanza huanza kwa uimara. Ninapendekeza mnunuzi aanzie kwingine kabisa: aifuate simu ya mteja tangu inapopigwa hadi inapolia mezani, na katika kila hatua aulize ni kitu gani kinaweza kuikata hapo, na ikishakatwa mteja atasikia nini.

Laini ya waya, na waya wenyewe

Fadhila kubwa ya laini ya shaba ni kwamba huja na umeme wake. Kituo cha kampuni ya simu hupitisha umeme wa takriban volti 48 katika jozi ile ile ya nyaya inayobeba sauti, na kwa kuwa kituo hicho kina betri zake, simu ya kawaida isiyotumia stima ya ofisi huendelea kulia hata mtaa mzima ukiwa gizani. PABX yenyewe huhitaji stima, lakini mitambo mingi midogo imewekewa njia ya dharura: umeme ukipotea, laini ya nje huunganishwa moja kwa moja na ekstensheni moja iliyoteuliwa, na ofisi hubaki na angalau simu moja iliyo hai. Mwenye mtambo wa aina hiyo na amuulize fundi ekstensheni hiyo ni ipi, kisha ahakikishe kwamba imechomekwa simu ya kawaida, kwa sababu ile simu kubwa ya kidijitali yenye vitufe vya taa, ambayo kwa kawaida ndiyo huwekwa mapokezi, hutegemea umeme wa mtambo na huzimika pamoja nao.

Hiyo ni nadharia, na ni nadharia nzuri. Ila waya wa shaba umekuwa adimu jijini. Mtandao uliojengwa na KPTC, shirika la zamani la posta na simu, ulirithiwa na Telkom Kenya shirika hilo lilipogawanywa mwaka 1999, na katika miaka iliyofuata wizi wa nyaya, pamoja na kuenea kwa simu za mkononi, uliufanya ukarabati wa mtandao huo kuwa kazi yenye gharama kubwa na faida ndogo. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, fedha za uwekezaji zilielekea kwenye faiba. Kwa sababu hiyo, laini ya mezani unayouziwa leo, yenye nambari inayoanza na 020 na simu isiyo na tofauti na ya zamani, inaweza kabisa kuwa inaingia ofisini kwa faiba au kwa mawimbi ya redio, kisha kikasha kidogo kikaigeuza kuwa laini ya kawaida. Kikasha hicho hutumia umeme wa ofisi yako. Kabla ya kuuliza bei, basi, muulize muuzaji kama kitakachoingia ofisini ni shaba, ni faiba au ni redio, kwa maana kama si shaba, ule uimara unaolipia umeshaondoka na kilichobaki ni umbo lake.

Lipo pia suala la vipuri. PABX ndogo ya Panasonic aina ya KX-TES824, ambayo bado inafanya kazi katika ofisi nyingi, huanza na laini 3 za nje na ekstensheni 8; ukimwajiri mtu wa tisa anayehitaji simu, lazima ununue kadi ya ziada. Panasonic ilitangaza mwaka 2022 kwamba inaacha kutengeneza mitambo ya aina hiyo, kwa hiyo kadi hizo zitazidi kutafutwa kwenye mitumba. Fundi hodari wa Luthuli Avenue ataipata. Bei atakayokutajia, hata hivyo, itapangwa na uhaba.

Stima zikipotea, faiba ikikatwa

Kati ya Agosti na Desemba 2023 nchi ilikumbwa na giza karibu kote mara tatu, tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba, na mbali na visa hivyo vikubwa kila mtaa una ratiba yake ya kukatizwa umeme. Mfumo wa intaneti haupendi giza hata kidogo. Kikasha cha faiba, ruta, swichi na simu za mezani vyote vinahitaji umeme kwa wakati mmoja, na kimoja kikizimika mnyororo mzima umekatika. Kinga yake si ghali: vikasha hivi hula wati chache kila kimoja, na UPS ndogo, yaani betri ya akiba, iliyotengwa kwa ajili yake pekee inaweza kuviendesha kwa muda wa kutosha kuvuka katizo la kawaida. Neno muhimu hapo ni kutengwa. UPS hiyo hiyo ikichomekwa kompyuta mbili na printa, itazimika kabla hujamaliza kumwomba mteja radhi.

Hata hivyo tofauti iliyo kubwa zaidi kati ya mifumo hii miwili hujitokeza baada ya ofisi kuzimika kabisa, na ndiyo ambayo wauzaji wengi hawaielezi vizuri. Katika mfumo wa zamani nambari yako imefungwa kwenye waya. Waya ukikatwa na wachimbaji wa barabara, au ukiibwa, simu za wateja hazina pa kwenda, na mteja husikia mlio usiopokewa au ujumbe kwamba nambari haipatikani. Katika mfumo wa intaneti nambari hukaa kwenye seva, na ofisi yako ni moja tu kati ya mahali ambapo seva hiyo inaweza kuipeleka simu. Ukiwa umeipanga hivyo mapema, seva ikiona kwamba simu za ofisini hazijibu, huipeleka simu ya mteja kwenye laini ya mkononi ya msimamizi wa mauzo bila mteja kujua kwamba ofisi ina giza. Kwa ufupi, shaba huvumilia kukosa umeme lakini haivumilii kukatwa, ilhali mfumo wa intaneti huzimika ofisini kwa urahisi zaidi lakini nambari yake hubaki hai mahali pengine. Kwa biashara ambayo simu isiyopokewa ni mteja aliyeenda kwa jirani, naona uwezo huu wa pili una thamani kubwa kuliko ule wa kwanza.

Sharti moja ni kwamba seva hiyo iwe mahali panapofikika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM iliharibika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Mawasiliano kati ya mitandao ya humu nchini yanaweza kubadilishana hapa hapa kupitia kituo cha KIXP bila kuvuka bahari, lakini ofisi iliyoko Westlands ambayo programu yake ya simu inakaa kwenye seva ya Ulaya hulazimika kupeleka kila neno baharini na kulirudisha, hata anayepigiwa akiwa ghorofa ya chini. Mtoa huduma aseme waziwazi seva zake ziko wapi, na jibu la kwamba ziko mawinguni lisikubaliwe.

Sauti

Watu wengi hudhani simu ya intaneti inahitaji kifurushi kikubwa. Hesabu inasema vingine. Kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya kawaida ya G.711, sauti yenyewe huchukua kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha anwani zinazobandikwa kwenye kila kipande cha data hufika takriban kilobiti 87 kila upande. Simu tano zinazoendelea kwa pamoja hazifiki hata nusu megabiti. Faiba ya megabiti 10 ingetosha na kubaki.

Kinachoharibu sauti ni foleni. Kamera za usalama zinapotuma video nje ya ofisi, au kompyuta ya mhasibu inapoanza kuhifadhi mafaili mtandaoni saa nne asubuhi, vipande vidogo vya sauti hukwama nyuma ya mafurushi hayo kama bodaboda nyuma ya malori ya Mombasa Road siku ambayo hata pembeni hapapitiki. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, hupendekeza kuchelewa kwa sauti kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukizidi sana hapo, wazungumzaji huanza kukatizana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza. Dawa ya kwanza si kununua kasi zaidi bali ni kuiagiza ruta ipitishe sauti kwanza, kuunganisha simu za mezani kwa kebo badala ya Wi-Fi, na kuangalia kasi ya kupakia, kwa kuwa matangazo ya vifurushi hupenda kutaja ile ya kupakua.

Kuna hitilafu moja ambayo karibu kila ofisi inayohama hukutana nayo, na inafaa kuijua kabla ya kumlipa mtu kuitafuta. Simu inalia, mnapokea, mnamsikia mteja vizuri, lakini yeye hawasikii. Anasema "halo, halo" mara tatu kisha anakata. Mara nyingi chanzo chake ni ruta yenyewe, kwa sababu ruta nyingi huja na kipengele kiitwacho SIP ALG kikiwa kimewashwa. Kilikusudiwa kusaidia simu za intaneti kupita, na badala yake hubadilisha anwani zilizomo ndani ya ujumbe, sauti ikaishia pasipojulikana. Kizimwe kwenye mipangilio ya ruta kabla ya jambo lingine lolote. Kama ruta ni mali ya kampuni ya intaneti na imefungwa kwa nywila yao, waombe wakizime siku ile ile wanayofunga huduma, fundi akiwa bado ofisini.

Laini ya shaba iliyo nzima haina lolote kati ya matatizo haya. Ikiharibika, hukwaruza, hasa mvua za Aprili zinapoingia kwenye viungio vya nyaya, na kumngoja fundi kunaweza kuchukua siku.

Nambari ni ya nani

Nambari ya 020 bado ina heshima yake kwenye barua rasmi, kwenye zabuni na mbele ya afisa wa benki. Mteja wa kawaida, kwa upande mwingine, hutafuta nambari ya 07 au 01, na mara nyingi kabla ya kupiga hutuma ujumbe wa WhatsApp. Mfumo wowote utakaouchagua hautakuondolea laini ya mkononi, kwa kuwa malipo ya M-Pesa na taarifa zake yameegemea huko, kwa hiyo biashara ndogo hapa jijini huishia na nambari mbili, na jambo la busara ni kuzifanya zifanye kazi pamoja. WhatsApp Business hukubali nambari ya mezani, na msimbo wa kuthibitisha husomwa kwa simu ya sauti. Ukitumia mfumo wa intaneti wenye sauti ya kukaribisha ("kwa mauzo bonyeza moja"), uizime kwa dakika chache wakati wa kujisajili, la sivyo msimbo utasomewa mashine. Ijaribu kabla ya kuchapisha mabango, kwa sababu nambari nyingine zinazotolewa kwa intaneti pekee hukataliwa.

Suala zito zaidi ni umiliki. Nambari isajiliwe kwa jina la biashara, wala isisajiliwe kwa jina la fundi aliyeifunga au mfanyakazi wa mapokezi, hata awe mwaminifu kiasi gani. Haki ya kuhama na nambari ya simu ya mkononi ilianza nchini mwaka 2011, lakini usidhani inalinda kila aina ya nambari. Mkataba wa simu ya intaneti useme kwa maandishi kwamba ukiondoka utaondoka nayo, au angalau itaelekezwa kwenye nambari yako mpya kwa miezi kadhaa. Mtoa huduma anayekataa kuandika sentensi hiyo amekueleza mengi kuhusu siku utakayotaka kuondoka.

Gharama

Mfumo wa zamani hudai fedha nyingi mwanzoni: mtambo, simu, na kutandaza nyaya kutoka meza hadi meza. Baada ya hapo kuna ada ya kila laini kwa mwezi, gharama ya dakika, na fundi kila mnapohamisha meza. Mfumo wa intaneti huanza kwa kidogo lakini ada yake ya kila ekstensheni haikomi, na huongezeka kila unapoajiri. Ndiyo maana kulinganisha bei za mwezi wa kwanza kunapotosha. Piga hesabu ya miezi 36, ukiweka VAT ya asilimia 16 pale ambapo muuzaji ameiacha, na uhesabu ekstensheni utakazohitaji mwaka wa tatu.

Kwenye bei ya dakika, uliza kama wanahesabu kwa sekunde au wanapandisha hadi dakika nzima, maana ofisi inayopiga simu fupi fupi za kuthibitisha miadi huumizwa sana na njia ya pili. Inafaa pia kujua kwamba Machi 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka kiwango ambacho mtandao mmoja hulipa mwingine kupokelewa simu zake kuwa senti 41 kwa dakika. Muuzaji ana gharama nyingine na anastahili faida, lakini mnunuzi anayejua kiwango hicho hujadiliana akiwa na msingi.

Biashara yenye matawi mawili, tuseme duka Kirinyaga Road na ghala Industrial Area, hupata faida ya wazi kwenye intaneti: ghala huwa ekstensheni tu, na kuulizia bidhaa hakugharimu dakika hata moja. Kwa mfumo wa zamani kila ulizo ni simu ya kulipia. Kwa biashara yenye chumba kimoja faida hiyo haipo.

Wezi wa dakika, na rekodi za sauti

Mfumo wa intaneti una adui ambaye laini ya kawaida humwona kwa nadra. Kompyuta za wahalifu huzunguka mtandaoni mchana na usiku zikijaribu nywila za ekstensheni, na zikipata moja dhaifu, kama ekstensheni 101 yenye nywila 101, hupiga simu kwenda nambari za ghali nje ya nchi, mara nyingi wikendi ofisi ikiwa imefungwa. Bili huja kwako. Funga simu za kimataifa kama huzihitaji, tumia malipo ya kabla yenye kikomo, na usikubali fundi aache nywila za kiwandani.

Kurekodi simu, ambako wauzaji hukutaja kama zawadi, huja na wajibu. Sauti ya mteja ni data yake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo aelezwe kwamba anarekodiwa, kwa sababu gani, na rekodi isihifadhiwe milele. Biashara yenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 haijalazimishwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, isipokuwa ikiwa katika sekta kama afya, elimu, hoteli, uchukuzi au huduma za fedha. Msamaha huo ni wa kujisajili tu. Wajibu mwingine wote unabaki.

Nani achague nini

Fundi cherehani au mshauri wa kodi anayefanya kazi peke yake au na msaidizi mmoja hahitaji mfumo wowote kati ya hii. Laini mbili za mkononi zilizosajiliwa kwa biashara zinatosha, na anayemwambia vinginevyo anauza kitu.

Kliniki au shule ndogo yenye PABX nzima na nyaya zilizokwisha kutandazwa isikimbilie kuing'oa. Kuna vikasha vinavyokaa kati ya PABX na intaneti, ambavyo huacha simu za mezani zilivyo na kubadilisha njia ya kwenda nje pekee. Kwa gharama ndogo unapata nambari iliyoko kwenye seva na dakika nafuu, na mtambo utakapokufa utahama ukiwa tayari umezoea. Simu ya dharura kwenda 999 au 112, hata hivyo, ipigwe kwa simu ya mkononi, kwa sababu laini iliyopita kwenye intaneti haina uhakika wa kuonyesha mahali ulipo.

Waliobaki, yaani ofisi mpya yenye watu kati ya watatu na ishirini, duka lenye tawi, au kampuni ambayo wauzaji wake wako barabarani kutwa, nawashauri wachukue mfumo wa intaneti bila kusitasita, wakishaangalia jengo. Katika majengo mengi ya katikati ya jiji kampuni za intaneti zinazoruhusiwa kuingia huamuliwa na mwenye jengo, na kama ni moja tu, akiba yako itakuwa ruta yenye laini ya 4G. Iwe ya kampuni tofauti na ile ya faiba.

Kabla ya kutia saini, omba wiki mbili za majaribio zitakazogusa mwisho wa mwezi, wakati simu na malipo hujaa. Siku mojawapo, saa tano asubuhi, zima umeme wa ofisi kwenye swichi kuu, toka nje, na upige nambari yako mwenyewe kwa simu ya mkononi. Subiri usikie nani anapokea. Kisha washa umeme, chomoa waya wa faiba, na upige tena.